Tulivyokwenda Pennyfields Kuuliza Majirani

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi kabla hajastaafu, halafu ni Mpare, kwa hiyo jambo dogo kwake halipo. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi nimemwona Baba akitabasamu anaposikia utani huo, kana kwamba amesifiwa. Basi nilipompigia simu kutoka Woolwich kumwambia kwamba nimepata mchumba, kwamba ni Mchina, kwamba amezaliwa London na kazi yake ni kutengeneza lifti za hospitali, hakufoka wala hakukata simu. Alikohoa tu. Kisha akauliza, "Kwao ni wapi?"

"Hapa hapa London, Baba."

"London ni mji. Mimi nimeuliza kwao."

Nikamwambia nitamuuliza. Nyumbani kwetu barua ya posa haipokelewi mpaka wazee wametuma watu kijijini kwa kijana. Watu hao hufika bila taarifa, wakakaa na majirani, wakapiga soga kidogo, ndipo wakauliza: ukoo huu ukoje? Wana mkono mrefu? Wana uchawi? Kuna ugonjwa unaofichwa? Wanaume wao wanapiga wake zao? Ripoti ikiwa mbaya, barua inarudishwa bila kufunguliwa. Mchumba wa kwanza wa dada yangu aliangukia hapo hapo, kwa sababu ya jirani mmoja aliyekumbuka kesi ya mpaka wa shamba.

Jioni ile nikamuuliza mchumba wangu kwao ni wapi. Alikuwa anakula chipsi. Nilitegemea anicheke, maana tulifahamiana kwa kuchekana: nilikwama kwenye lifti ya hospitali na toroli la vifaa, naye akazungumza nami kwa dakika arobaini kupitia mlango uliofungwa, akinisimulia vichekesho vibaya ambavyo sijapata kusikia vibaya zaidi. Lakini safari hii hakucheka. Akafikiri, akasema, "Limehouse. Mtaa wa Pennyfields." Akaniambia kwamba babu wa baba yake alikuwa mchochea makaa kwenye meli, akateremka bandarini hapo, akaoa binti wa Kiingereza, akafungua duka la dobi. Familia ilihama zamani kwenda pembezoni mwa jiji, na yeye mwenyewe hakuwahi kulala Limehouse hata usiku mmoja. Lakini alilitaja jina lile vile vile baba yangu anavyotaja Same, kwetu Upareni. Nilimpenda upya, chipsi zikiwa bado mdomoni mwake.

Nilipompelekea Baba jibu, alifurahi kama amepata jalada lililopotea. "Umeona? Kila mtu ana kwao." Akamteua dada yake, Shangazi wa Walthamstow, kuwa mpelelezi. Akatoa sharti moja tu, kwamba mimi nisiende, kwa sababu bibi harusi hachunguzi.

Shangazi ameishi London miaka zaidi ya ishirini, akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, na muda wote huo amejua njia tatu tu: ya kazini, ya kanisani na ya sokoni. Akanipigia simu siku hiyo hiyo. "Mwanangu, hiyo Limehouse ndiyo iko kwenye line gani? Utanipeleka. Ila tukifika, wewe huna masikio."

Niseme wazi yaliyokuwa moyoni mwangu. Sheria ya nchi hii hainizuii kuolewa bila ruhusa ya baba. Ningeweza kwenda ofisi ya manispaa na mashahidi wawili nikatoka na cheti. Lakini najijua. Nisingekula mkate wa ndoa hiyo ukanishuka. Nilimtaka yule fundi wa lifti na nilimtaka Baba, wote wawili, na yote hayo yalikuwa mikononi mwa Shangazi na daftari lake la ripoti. Nami nina ugonjwa mmoja: nikiogopa, nacheka. Jumapili ile niliamka nacheka.

Tulishuka kituo cha Westferry. Shangazi alivaa kitenge, koti la baridi, kofia yake ya kanisani na viatu vya kazini, na kwapani alikuwa amebana hotipoti kubwa iliyofungwa kwa kanga. Ndani kulikuwa na makande.

"Shangazi, makande ya nini?"

"Utaulizaje habari za watu mikono mitupu? Wewe umezaliwa wapi?"

Nilikuwa nimejaribu kumwandaa. Nilimweleza kwamba mtaa wa Wachina wenye taa nyekundu na bata wanaoning'inia dirishani uko katikati ya jiji, na kwamba huu wa mtoni ulikuwa wa kwanza, wa mabaharia, lakini ulipigwa mabomu wakati wa vita, uliobaki ukabomolewa, watu wakatawanyika. Shangazi alinisikiliza kwa adabu, na nikaona hakuamini hata neno moja. Kijiji hakiondoki, alisema. Watu huondoka, lakini hubaki japo mzee mmoja wa kuangalia makaburi.

Hatua chache kutoka kituoni tukakuta majoka mawili ya chuma, yamejiviringisha juu hewani, yanatazamana. Shangazi akasimama. Akaweka hotipoti chini.

"Huu ndio mpungi wao," akasema kwa sauti ya chini.

Mpungi kwetu ni ule msitu wa tambiko wa ukoo, ambao huingii ovyo wala hukati kuni. Nikamwambia hapana Shangazi, haya ni mapambo, yamewekwa na watu wa mji kwa ajili ya kumbukumbu. Akaniuliza kama nimeona mtu yeyote akiyakata au kuyakalia. Nikasema sijaona. "Basi," akasema, akafungua daftari akaandika: *Wana mpungi. Safi. Hakuna uchafu.* Mimi nikageukia ukuta nikacheka mpaka kibofu kikanikumbusha.

Pennyfields yenyewe ni fupi. Unaingia, unatoka. Maghorofa ya halmashauri ya matofali, nguo zimeanikwa kwenye roshani, baiskeli zimefungwa kwenye vyuma, na nyuma yake minara ya vioo ya mabenki imeinamia kana kwamba inataka kusikia. Hakukuwa na Mchina hata mmoja. Tulipita mtaa wa Ming. Tukavuka barabara kubwa tukapita mtaa wa Canton, tukapita wa Pekin, tukapita wa Nankin. Shangazi alikuwa anasoma vibao kwa sauti, akizidi kufurahi. Kila kibao kwake kilikuwa ushahidi.

"Unaona? Majina yapo. Sasa wenyewe wako wapi?"

Akaanza kuuliza. Na hapa lazima niwaeleze Kiingereza cha Shangazi. Ni cha kazini kwake, cha kusemesha watu wasiosikia vizuri: polepole, kwa sauti ya juu, na kwa uso wa upole mwingi. Alimkabili mwanamume mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa mdogo mwenye sweta.

"Samahani baba. Watu wa ukoo wa hapa, ni watu wazuri? Kuna wachawi?"

Yule bwana akamtazama Shangazi, akaitazama hotipoti, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika tumbo. Akasema, kwa Kiingereza cha heshima kabisa, kwamba yeye amehamia miezi minane iliyopita na hafahamu. Shangazi akamshukuru, akamkaribisha makande. Akasema ametoka kula. Mbwa wake ndiye aliyetaka kubaki.

Msichana mwenye vipokea sauti masikioni akasema pole, hana chenji. Kijana wa kupeleka vyakula kwa pikipiki alisimama, akidhani sisi ndio tulioagiza. Wanandoa wawili vijana waliosukuma kitoto kwenye kigari waliposikia neno uchawi waliongeza mwendo, na Shangazi akaandika: *Majirani wapya hawana utu.* Mwenye duka la kona, mzee wa Kibengali, ndiye wa kwanza kutusikiliza. Alisema yuko hapo miaka thelathini na Wachina walishaondoka kabla yake. Aliuliza kama makande yana nyama. Shangazi akaapa ni mahindi na maharage na nazi. Mzee akala kijiko kimoja, akafikiri, akachukua pilipili kwenye rafu ya duka lake mwenyewe, akaongeza, akala sahani nzima. *Shahidi wa kwanza*, Shangazi aliandika, *hajui lolote, mkarimu sana*.

Saa saba ikapita. Nilihesabu watu kumi na mmoja tuliowauliza. Kicheko changu kikaanza kuwa kile kisichopendeza, kinachotoka puani. Shangazi alikuwa bado ana furaha ya safari, lakini nilimwona akipindua kurasa za daftari nyuma na mbele, na mara mbili alisema peke yake, "Nitamwambia nini Kaka?" Baba hakubali ripoti tupu. Mahakamani kwake, asiyeleta shahidi ameshindwa. Ukoo usio na jirani wa kuusemea ungekuwa kwake ni ukoo uliofukuzwa, na barua ya fundi wangu ingerudi ilikotoka.

Tukaishia kwenye uwanja wa kanisa kubwa jeupe la Limehouse, tupumzishe miguu. Uwanjani hapo, kati ya makaburi, pamesimama piramidi la jiwe, refu kuliko mtu, lisilo na maelezo yoyote. Shangazi akalizunguka mara mbili.

"Hawa nao walizika farao hapa?"

"Sijui, Shangazi."

"Hili siliandiki," akasema. "Hili litamchanganya Kaka."

Ibada ilikuwa imekwisha na wazee wachache walikuwa wanatoka. Bibi mmoja wa Kizungu, mwembamba, mwenye koti la kijani lililofungwa vifungo vyote, alikuja taratibu na kigari chake cha kutembelea akaketi kwenye benchi la mbele yetu. Nilidhani Shangazi ataanza tena na uchawi wake. Lakini alinishangaza. Alimtazama bibi yule kidogo, akaona kifaa cha kusikilizia kiko sikio la kushoto, akaenda akakaa kushoto. Hakuinua sauti. Akafunga breki ya kile kigari, ambayo bibi alikuwa ameisahau, kisha akasema ubaridi umezidi leo. Wakaongea kuhusu magoti. Wakaongea kuhusu daktari anayekupa miadi ya mwezi wa tatu wakati unaumwa mwezi wa kwanza. Baadaye ndipo Shangazi alipofungua hotipoti, na mvuke ukatoka.

"Maharage haya?" bibi akauliza.

"Maharage na mahindi."

"Maharage nayajua," akasema, akapokea kijiko.

Bibi huyo alizaliwa nyuma ya Pennyfields. Nyumba yao ilipigwa bomu utotoni mwake, akapelekwa shamba wakati wa vita, akarudi, akaolewa, akafiwa, na muda wote huo hakuhama parokia ile. Shangazi akanitupia jicho. Mimi, nisiye na masikio, nikataja jina la ukoo wa mchumba wangu, nikasema walikuwa na dobi.

"Dobi la pembeni," bibi akasema mara moja. "Kola."

Alikuwa na meno ya kubandika, na makande, hata yakiiva vipi, hayana haraka. Kila jibu tulilisubiri mpaka ameze. Sijawahi kungoja kitu kwa hamu namna ile, hata matokeo ya mtihani wa uuguzi. Akasema mtaa ule Wachina hawakuwa wengi kama watu walivyovumisha, ilikuwa nyumba chache tu na kila mtu alimjua mwenzake. Yule mzee wa dobi alipiga pasi kola mpaka zikasimama zenyewe mezani. Baba yake yeye bibi alifunga ndoa na kola ya hapo.

"Alikuwa mtu mzuri?" Shangazi akauliza, kalamu mkononi.

Bibi akatafuna. "Alikuwa mcheza kamari."

Nikamkanyaga Shangazi mguu asiandike. Akaandika.

"Kila Jumapili, ghorofani, na wenzake. Akishinda, watoto wote wa mtaa tulipewa tangawizi ya sukari. Akishindwa, tulimsikia mkewe."

"Alikuwa anampiga mkewe?"

"Yeye?" Bibi akacheka mpaka ikabidi Shangazi amshikie bakuli. "Mkewe ndiye aliyekuwa anarusha pasi!"

Tulicheka sote watatu, makaburini, mbele ya farao wa watu. Shangazi akafuta machozi akauliza la uchawi, kwa kuwa lazima liulizwe. Bibi akafikiri kwa dhati, akasema kulikuwa na mwanamke mmoja aliyetabiri mambo kwa majani ya chai, lakini huyo alikuwa Mwingereza na hakuwa na undugu nao. Niliona mbele yangu barua imeshafunguliwa, nikataka kumbusu.

Kisha akaweka kijiko chini. Akasema, bila sisi kuuliza, kwamba baba wa yule mama aliyerusha pasi alikuwa akiishi mitaa mitatu kutoka pale. Binti alipoolewa na Mchina, mzee hakumsemesha tena. Akimwona anakuja na mtoto mkononi, alivuka barabara akaenda upande wa pili. Mtaa mzima ulijua. Yule mtoto alikuwa rafiki wa kucheza wa bibi huyu, na mara moja, walipokuwa pamoja mlangoni kwa dobi, mtoto alimpungia babu yake mkono. Mzee akatazama, akavuka.

"Alikufa hajanywa hata chai kwao," bibi akasema. Hayo yote aliyasema kwa mkupuo bila kutafuna. Kicheko changu kilikatika kabisa. Yule mtoto aliyepunga mkono ni babu wa mwanamume niliyetaka kuolewa naye, na mchumba wangu hajawahi kunisimulia hilo. Labda hata yeye hakuambiwa.

Shangazi alifunga daftari. Akamwachia bibi hotipoti pamoja na kanga yake, akamkagulia tena breki ya kigari, akamwambia Jumapili ijayo atakuja kuichukua, ikiwa na kitu au haina.

Tukashuka mpaka mtoni. Maji yalikuwa yamekupwa na Mto Thames umebaki wa kahawia, matope na mawe wazi, na ngazi za zamani zinashuka mpaka chini mahali ambapo mabaharia walikuwa wanapandia. Shangazi alisema hawezi kutoa ripoti akiwa ndani ya treni. Akaegemea ukuta, akampigia kaka yake, akaweka spika kwa kuwa masikio yake nayo yameanza kuchoka.

"Kaka, kijiji nimefika. Chenyewe hakipo. Yamebaki majina ya mitaa, na mpungi."

"Mashahidi?"

"Anayejua ni mmoja. Ni mtu wa kanisa."

"Sema."

Akasema yote. Hakuruka kamari, ingawa nilimwomba kwa mikono miwili. Baba akasikiliza akasema, "Vizuri. Shahidi anayesifia tu amepangwa." Akaambiwa habari ya pasi. Akauliza, "Ilimpata?"

"Hakusema, Kaka."

"Ungeuliza."

Nikaziba mdomo. Ndipo Shangazi akamsimulia yule mzee na barabara. Hakuongeza chumvi, na Shangazi huwa anaongeza. Alipomaliza, nilisikia kwenye simu jogoo wa jirani yetu kule Same, yule anayewika bila saa, na redio ya mtu.

"Mitaa mitatu?" Baba akauliza.

"Mitatu."

"Na hakuonja chai ya mwanawe."

"Mpaka anakufa."

Akakohoa. Nilishika ukuta wa mto kwa mikono yote miwili. "Mimi nina miaka sabini na nne na magoti yamekwisha," akasema. "Kuvuka barabara siwezi. Mwambie kijana alete barua."

Shangazi akapiga kigelegele palepale ukingoni, mpaka watu wawili waliokuwa wakikimbia mazoezi wakasimama. Mimi nikampokonya simu, sharti likavunjika mbele ya aliyeliweka.

"Baba, ni mimi."

"Najua ni wewe. Usilie barabarani, watu watakuona."

Nikamwambia silii, nacheka. Siku nzima nilikuwa nacheka kweli; hapo tu ndipo nilipomdanganya.